Rezo ya nyumba haiombi mega



Miye ni mtu wa agronomia. Kazi yangu ni udongo, mbegu na mbolea. Informatike niliisoma saa chache tu mu graduat, sawa wengi wenu. Lakini leo naandika juu ya mashini, sababu nilipoteza kazi ya miezi mine kwa asubuhi moja, na dawa ya ile shida ilikuwa ndani ya nyumba yetu, juu ya kabati, imejaa vumbi. Sipendi mtu wa promosio zinazokuja apite pale nilipita.

Tulikuwa vijana wanne mu nyumba ya kupanga, Kadutu, hapa Bukavu. Watatu tulikuwa na mashini zetu za kubeba. Mu saloni kulikuwa mashini ingine ya zamani, klavie yake inakosa herufi mbili, haitoki tena ku meza. Karibu yake kulikuwa imprimanti ya lezeri, okazio, tuliyonunua kwa kuchanga ili tuache kulipa kila ukurasa ku sekretaria. Imprimanti ilikuwa imefungwa na kabli ya USB ku ile mashini ya saloni. Basi, mtu akitaka kutosha karatasi tatu, shuruti aweke fishye ku flashi, atoke mu chumba chake, angoje mwenye kuangalia filme amalize, halafu achomeke flashi. Akiona kosa moja ku karatasi, anaanza safari upya.

Flashi ilikuwa moja kwa watu wanne. Ilikuwa inatembea kuliko siye: nyumbani, fakilte, sekretaria, kwa rafiki, tena nyumbani. Wiki tatu mbele ya kuweka memwari, ilirudi na ile virusi mnayoijua: madosie yote ikageuka alama ndogo zenye mshale, ukifungua hakuna kitu. Ndani kulikuwa fishye yangu ya Excel ya shamba: aina 4 za maharagwe, marejeo 3, parseli 12, na vipimo vyote tangu kuota mpaka kuvuna. Na miye, kwa uvivu, nilikuwa nafanya kazi moja kwa moja ku flashi. Kopi ingine sikuwa nayo.

Kitu ya kuumiza zaidi nilikuja kuijua kisha. Ile virusi haifutaki mafishye, inayafichaka tu. Mafishye yangu yalikuwa bado pale. Lakini mtu mmoja aliyetaka kunisaidia alisema flashi imekufa, akaiformate. Pale njo kazi ilienda. Kilichoniokoa ni kaye ya shamba, ile ya karatasi, yenye matone ya mvua na udongo wa Kabare. Nilirudia kuandika namba moja moja, usiku na mchana, siku kumi.

Wakati niko mu ile mateso, kijana mmoja wa jirani, mwanafunzi wa informatike, aliingia kuomba chumvi. Akaangalia juu ya kabati, akaniuliza: "Mukubwa, ile ruteri munaiweka pale juu ya nini?" Nikamwambia ni boksi ya zamani, tuliacha kulipa forfe, haina tena intaneti. Akacheka. "Mukubwa, nani alikuambia ruteri inaomba intaneti ili mashini zisemezane?"

Ile swali njo mwanzo wa haya yote nawaandikia.

1. Rezo na intaneti ni vitu viwili

Wengi kati yetu tukisikia "rezo" tunafikiri mega. Hapana. Intaneti ni barabara kubwa inayotoka nje ya nyumba, na ile barabara inalipishwa. Rezo ya nyumba ni njia ndogo ndani ya kiwanja chako, kutoka chumba mpaka saloni. Kwa kupita ku njia ya kiwanja chako hakuna mtu unamlipa. Ukituma fishye ya giga 1 toka mashini yako mpaka ile ya saloni kwa rezo ya nyumba, mega hata moja haitoki.

Wazo hili haliko jipya. Mu mwaka 1973, ku maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kutengeneza Ethernet, ile njia ya kabli tunayotumia mpaka leo. Moja ya shida waliyokuwa nayo ilikuwa kufunga mashini mingi ku imprimanti ya lezeri moja, sababu ilikuwa kitu ya bei kali. Unaona? Shida yao ilikuwa ile ile ya saloni yetu ya Kadutu: watu wengi, imprimanti moja.

Ili mashini zisemezane, kila moja inapata namba, sawa vile kila nyumba ku avenue iko na namba yake. Mara mingi ile namba inaanza na 192.168, kwa mfano 192.168.1.12. Namba hizi, pamoja na zile zinazoanza na 10, ziliachwa kwa ajili ya marezo ya ndani, haziendi ku intaneti. Njo maana jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.12 na wewe pia, na hamtagombana: ni avenue mbili mbalimbali.

Nani anagawa zile namba? Ni ruteri. Mashini ikifika, ruteri inaipatia namba yenyewe. Ile kazi inaifanya hata kama haijaona intaneti tangu mwaka uliopita.

2. Kile kinachoombwa

Kwanza, ruteri. Ile ya zamani inatosha. Nyuma yake kuna mashimo, mara mingi manne ya rangi moja (yameandikwa LAN) na moja ya pembeni (WAN). Lile la pembeni ni la intaneti, uliache. Mashini zote zifungwe ku yale ya LAN, ama kwa wifi.

Pili, kabli, kama unaweza. Kabli za rezo ziko na kichwa cha plastiki chenye nyaya 8, kinaitwa RJ45. Kabli moja inaweza kufika metre 100 bila shida, kwa hiyo nyumba zetu hazitaimaliza. Kwa ruteri za zamani, shimo linapitisha megabiti 100 kwa segonde. Fishye ya giga 1 inapita karibu dakika moja na nusu. Wifi inaweza kuwa polepole zaidi, hasa kama kuna kuta mbili za tofali katikati. Kwa kutuma memwari ya kurasa 80 hutaona tofauti. Kwa kutuma mavideo ya shamba, utaiona.

Tatu, umeme. Hapa kwetu delestaji inajulikana. Ruteri haikulaka umeme mingi: soma ku adaptere yake, mara mingi imeandikwa 12 V na ampere 1 ama chini, ni kusema wati 12 ku mwisho. Pano ndogo na batri vinaweza kuibeba usiku muzima. Lakini usiifunge moja kwa moja ku batri bila ya kuuliza mtu wa umeme, sababu batri ikiwa inachajiwa inapita 12 V. Imprimanti ya lezeri, yenyewe, ni kitu ingine kabisa: wakati inapasha moto ili kubandika wino, inavuta wati mingi sana kwa mara moja. Konvertisere ndogo italia na kuzima. Yetu tuliiacha ingoje umeme wa kweli.

Na kama hauna ruteri? Telefone yako inaweza kufanya ile kazi. Washa kugawa wifi ku telefone, zima mega, kisha funga mashini mbili ku ile wifi. Ku telefone mingi mashini zitaonana bila kutumia hata mega moja. Haiko mzuri kwa kila siku, lakini kwa kazi ya kikundi mu auditwari inasaidia sana.

3. Kufunga na kupatia majina

Sisi wote tulikuwa na Windows 10 ya Kifaransa, kwa hiyo naandika majina sawa vile yanaonekana ku ekra. Ku Windows 11 mahali pengine pamebadilika kidogo, lakini maneno ni yale yale.

Anza na kupatia kila mashini jina fupi. Mashini mingi zinakuja na jina sawa DESKTOP-7K na herufi zingine ambazo hakuna mtu anaweza kukumbuka. Ingia mu "Paramètres", "Système", halafu "Informations système", na ubadilishe jina. Sisi tuliita SALONI, CHUMBA1, CHUMBA2, CHUMBA3. Kisha uwashe mashini upya.

Hatua ya pili njo inaangushaka watu wengi. Windows inaulizaka kama rezo unayoingia ni "Public" ama "Privé". "Public" ni kusema: niko mahali pa watu wengi, unifiche. Mashini inafunga milango yote, hakuna anayeiona. "Privé" ni kusema: niko kwangu, fungua mlango. Ku rezo ya nyumba yako, chagua "Privé". Ku wifi ya hoteli, ya kampisi ama ya restora, uache "Public" siku zote.

Ya tatu: ingia mu "Centre Réseau et partage", kisha mu mipango ya "partage avancés". Mu sehemu ya "Privé", washa vitu viwili: "découverte de réseau", ili mashini zionane, na "partage de fichiers et d'imprimantes", ili zigawane. Ile inayosema kulinda kwa neno la siri, usiizime. Nitaeleza chini juu ya nini.

Na neno moja kwa wale waliosoma vitabu vya zamani. Zamani Windows ilikuwa na kitu kinaitwa HomeGroup. Microsoft iliitoa ku Windows 10 mu mwaka 2018. Ukifuata video ya zamani inayokuambia uitafute, utaitafuta mpaka usiku.

4. Kugawa dosie

Hapa napenda kutoa mfano wa kazi yetu. Ushirika wa wakulima uko na hangari ya mbegu. Wanamemba wote wanaweza kuingia kuangalia ni mbegu gani iko. Lakini wenye kutosha gunia ama kuingiza gunia ni wachache, na iko kaye ya kuandika. Kama kila mtu angeingia na kutosha vile anataka, mu msimu wa pili hangari ingebaki na panya tu. Kugawa dosie ni ile ile: kuna haki ya kusoma, na kuna haki ya kubadilisha. Ku ekra utaona "Lecture" na "Lecture/écriture".

Sisi tulifanya hivi ku mashini ya SALONI. Tulitengeneza dosie mbili. Ya kwanza inaitwa VITABU: makurs, PDF, makarata ya udongo. Wote wanasoma, mmoja tu anaongeza. Ya pili inaitwa KUPITISHA: pale kila mtu anaweka na kutosha, sawa meza ya katikati. Kitu ya kukaa haiwekwi pale.

Ili kugawa: bonyeza dosie na kitufe cha kuume cha pani, chagua "Propriétés", kisha "Partage", kisha "Partager". Chagua nani anaingia na haki gani. Imekwisha.

Nani, hasa? Mashini inaombaka jina na neno la siri la mtu anayejulikana ku SALONI. Tena, Windows haikubalie mtu aingie kwa rezo na konti isiyokuwa na neno la siri. Wengi wanakwama hapo: mashini yao inafunguka bila neno lolote, kisha wanashangaa juu ya nini rezo inawakataa. Dawa yetu ilikuwa nyepesi: ku SALONI tulitengeneza konti moja ya pembeni, jina lake "nyumba", na neno la siri ambalo wote wanne tunalijua. Hakuna aliyelazimika kutoa neno lake mwenyewe.

Kisha, ukiwa mu chumba chako, fungua dirisha ya madosie, na ku mstari wa juu uandike \\SALONI. Ile mistari miwili iliyolala kwa nyuma, usiisahau. Bonyeza Entrée, weka "nyumba" na neno la siri, uombe mashini ikumbuke. Utaona VITABU na KUPITISHA. Ukipenda zionekane kila siku sawa diski ya ndani, chagua "Connecter un lecteur réseau" na uipatie herufi, kama Z.

Kitu kimoja cha kujua: kama wawili munafungua fishye moja ya Word ama Excel kwa wakati mmoja, wa pili ataambiwa kama fishye iko mikononi mwa mwingine, na atapewa ya kusoma tu. Haiko panne. Mashini inawazuia musifutiane kazi.

5. Imprimanti

Kuna njia mbili, na inafaa ujue uko ku njia gani.

Ya kwanza ni yetu: imprimanti imefungwa kwa USB ku mashini moja, na ile mashini inaigawa. Ku SALONI, ingia mu "Imprimantes", chagua imprimanti, fungua "Propriétés de l'imprimante", kisha "Partage", weka alama, na uipatie jina fupi lisilo na nafasi katikati. Mu chumba, andika tena \\SALONI, utaona imprimanti pale, uibonyeze mara mbili. Windows italeta programu yake kutoka SALONI, mara zingine inaomba ruhusa ya mwenye mashini. Ile njia iko na sharti moja: kama SALONI imezimwa ama imelala, hakuna anayechapa. Kwa hiyo ingia mu mipango ya umeme, uikataze kulala.

Ya pili ni kwa imprimanti zenye wifi ama shimo la RJ45. Zile zinapata namba yao ku ruteri, na kila mashini inasema nayo moja kwa moja, bila ya kupita kwa mtu. Iko mzuri kuliko, lakini ruteri inaweza kuibadilishia namba kisha delestaji, na mashini zote zikaanza kuitafuta ku namba ya zamani. Ingia mu ruteri, utafute mahali pa kuifungia namba moja isiyobadilika. Ni kazi ya dakika tano, inaokoa hasira ya mwaka.

Kuna kitu kimoja kilitupendeza sana. Batri ilikuwa inabeba ruteri na SALONI usiku, lakini imprimanti ilikuwa imezimwa. Kazi tuliyotuma ilibaki mu mstari ku SALONI, inangoja. Usiku mmoja umeme ulirudi saa nane, imprimanti ikaamka yenyewe, ikaanza kutema karatasi za watu watatu. Tuliruka wote kutoka vitandani, tukifikiri ni mwizi. Kisha tukacheka, na tukagawana makurasa: hii yako, hii yangu, hii ya memwari.

6. Kama inakataa

Itakataa. Usiformate kitu. Angalia hivi, moja kwa moja.

Fungua dirisha nyeusi (andika cmd ku sehemu ya kutafuta) na uandike ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Kama namba yako inaanza na 169.254, ni kusema hakuna aliyekupatia namba: kabli imetoka, ama ruteri imezimwa. Kama mwenzako ana 192.168.1 na wewe una 192.168.43, hamuko ku rezo moja. Mara mingi mmoja amebaki ku wifi ya telefone bila kujua. Pia ruteri zingine ziko na wifi ya wageni, na ile inakatazaka mashini kuonana.

Namba zikiwa mzuri, andika ping na namba ya SALONI. Ikijibu, njia iko. Isipojibu, angalia kama SALONI haijarudi ku "Public". Inaweza kutokea ukibadilisha ruteri.

Njia iko lakini jina halionekani? Tumia namba: \\192.168.1.12. Ikifunguka kwa namba, shida ilikuwa jina tu.

Inaomba neno la siri na inakataa? Rudi ku ile konti ya "nyumba", uandike jina lake hivi: SALONI\nyumba.

Shida nyingi tulizopata zilikuwa ndani ya hizi nne.

7. Mlango ulioufungua, uujue

Rezo inapitisha kazi mzuri, na inaweza kupitisha ugonjwa pia. Mu mwezi wa tano 2017, virusi inayoitwa WannaCry ilitembea dunia nzima kwa siku chache. Haikuhitaji flashi. Ilipita yenyewe toka mashini mpaka mashini, mu mlango wa kugawa mafishye wa Windows, ule wa aina ya zamani, SMB 1. Mahospitali ya Uingereza yalikwama. Na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa tangu mwezi wa tatu. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka.

Kwa hiyo, mtu akikushauri uwashe SMB 1 ili mashini ya zamani ionekane, umkatalie kwa heshima. Tena, najua mega ni bei, lakini acha Windows ipate dawa zake hata mara moja kwa mwezi. Weka neno la siri la nguvu ku wifi, aina ya WPA2, na ubadilishe lile neno la kuingia mu ruteri yenyewe, sababu lile la kiwandani liko kila mahali. Na usigawe diski C yote. Gawa dosie moja, na haki ya kusoma tu kama inatosha. Virusi ikiingia mu chumba cha mwenzako, itaandika pale ambapo yeye ana haki ya kuandika. Pale ana haki ya kusoma tu, haiwezi kuandika kwa jina lake.

8. Kugawa haiko kulinda

Hapa njo nataka munisikilize zaidi. Kisha kufunga rezo, wa kwanza kati yetu alifurahi akaweka memwari yake mu KUPITISHA, akaifuta ku mashini yake, akisema sasa iko salama ku SALONI. Tulimzuia. Fishye iliyogawiwa bado ni fishye moja. Diski ya SALONI ikikufa, ama mtu akikosea akafuta, imekwenda kwa wote wanne pamoja. Tulikuwa tumetoka ku flashi moja, tungeangukia ku diski moja.

Rezo inasaidia kulinda kama unaitumia kuzidisha kopi. Sisi tulikubaliana hivi: kazi inabaki ku mashini ya mwenyewe, kila magaribi kopi moja inaenda ku SALONI, mu dosie yenye jina lake na tarehe, ambayo wengine hawana haki ya kuandika, na kila siku ya Mungu kopi ya tatu inaenda nje ya nyumba, ku barua pepe ama ku diski ya ndugu. Fishye ya Excel ya shamba haifikie hata mega mbili. Bei ya kuituma ku barua pepe ni ndogo kuliko kipande cha mkate.

Miye niliweka memwari yangu ku siku yake. Kurasa zote zilitoka mu imprimanti ya saloni, na nilizituma niko nimeikaa ku kitanda changu. Lakini siku kumi nilizorudia kuandika namba za maharagwe hakuna atakayenirudishia, na kama mvua ingenyesha zaidi ku ile kaye ya karatasi, ningerudi shambani kupanda upya na kungoja msimu mwingine, yaani mwaka wa masomo muzima.

Kwa hiyo, nyinyi munaoishi wawili, watatu, wanne mu nyumba moja: leo magaribi, panda ku kiti, uangalie juu ya kabati. Kama kuna boksi yenye antene, ishushe, pangusa vumbi, uichomeke. Anza na dosie moja tu ya kusoma. Na mbele ya kulala, tuma fishye ya memwari yako mahali pengine, nje ya ile nyumba.